Umepewa Mume, na Mpira Unautaka?

"Moza, mpira! Moza!"

Zuweina alikuwa peke yake chini ya pete, mikono juu, hana mtu wa kumzuia. Moza alimwona. Alimtazama vizuri, kisha akaurusha mpira upande wa pili, kwa Mwanawema aliyebanwa na wasichana wawili wa Kengeja. Ukapotea.

"Huna macho?" Zuweina alimfokea.

"Ninayo. Umepewa mume, na mpira unautaka?"

Wanawake waliojaa ndani ya ua wa makuti wakaguna. Bi Hamdiya, mwalimu wao, akapuliza filimbi, lakini neno lilikwishatoka.

Ilikuwa mwaka 1948, na hao walikuwa wasichana wa darasa la ualimu la Tibirinzi, mjini Chake. Mpira wa pete hukimbii nao. Ukiudaka unasimama, unampa mwenzio. Moza alicheza katikati, kazi yake kulisha. Zuweina alisimama golini, kazi yake kufunga. Mwanzo wa msimu, mmoja alikuwa hafai bila ya mwenzake. Waliwapiga Kengeja, wakawafuata Jadida kwao Wete wakawapiga pia, na watu wakaanza kusema kwamba sinia la shaba la mshindi mwaka ule litalala Chake.

Kisha ikaja posa.

Tibirinzi hakukuwa na kiwanja chenye ua, na mwanamume haruhusiwi kutazama. Kwa hiyo kila mechi wasichana walisafiri kwa lori lililofunikwa turubai, wote ndani ya mabuibui, nyuso zimefunikwa. Dereva alikuwa Himid, kijana mtulivu aliyelelewa na shangazi yake, Bi Khairiya. Baada ya mechi ya kwanza, alipokuwa akifunga bati la nyuma la lori, aliuliza:

"Mmeshinda au mmeshindwa?"

"Dereva huulizwa njia, haulizi mpira," ilimjibu sauti ya msichana aliyekaa mwisho kabisa.

"Njia naijua. Nataka habari."

"Habari ni kwamba sisi tumeshinda, ila mifupa yetu imeshindwa na mashimo yako."

Himid alicheka mpaka Chake. Aliyesema ni Moza, lakini yeye hakujua, na jina la mtoto wa watu haliulizwi mbele ya watu. Alipofika nyumbani akamwambia shangazi yake:

"Shangazi, nimepata mtu."

"Nani?"

"Jina silijui, uso sijauona. Ni yule anayekaa mwisho wa lori."

"Ebo! Unaoa kiti?"

"Naoa ulimi wake, shangazi. Panda nao safari ya Wete umtazame."

Bi Khairiya akapanda. Siku hiyo safari ilimchafua roho Zuweina, na Moza, kwa huruma, akampisha pale mwisho apate hewa. Basi. Shangazi akamwona Zuweina amekaa hapo, akamwona kiwanjani anatia bao juu ya bao, akarudi nyumbani ameridhika. Haikupita wiki posa ikapelekwa, ikapokewa. Zuweina, ambaye siku zote alikuwa akimchungulia dereva kwenye tundu la turubai, alilia kwa furaha.

Moza alijua hili tu: alimpisha mwenzake kiti, na mwenzake akashuka na mchumba.

"Kumbe hakuwa mgonjwa," alimwambia Mwanawema. "Alikuwa anajitengeneza aonekane na shangazi."

"Si umuulize?"

"Mwizi naye huulizwa kama kaiba?"

Ndiyo sababu mpira haukufika golini. Tangu posa walikwishapoteza mechi moja Wete, kwa Jadida, na sasa wakapoteza na Kengeja. Ikabaki mechi moja, Jadida tena.

Siku ya safari hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na karibu na Wete lori likazama matopeni. Himid akashuka na jembe. Ndani ya turubai wasichana walibanana.

"Sogea, unanikanyaga buibui," alisema Zuweina.

"Nisogee wapi tena? Siku ile nilisogea, ukaondoka na mume wangu."

"Mume wako! Alikuposa lini?"

"Hakuniposa. Alinichekea. Nilimwambia mifupa yetu imeshindwa na mashimo yake, akacheka mpaka Chake. Wewe umemwambia nini hata akuone?"

Huko nje jembe liliacha kuchimba.

"Bi Hamdiya," aliita Himid, "anayesema ni nani?"

"Ni Moza. Tuwie radhi, mwanangu, wamechoka."

"Na mchumba wangu hayupo leo?"

"Yupo. Ndiye anayegombana naye."

Tangu aposwe, Zuweina alikuwa akimkimbia Himid, kama inavyompasa msichana aliyeposwa. Hakuwahi kutamka neno mbele yake. Sasa aliifungua turubai kidogo.

"Himid, mimi ndiye Zuweina, na sauti yangu ndiyo hii. Ndiyo uliyomtuma shangazi yako aitafute?"

Himid alitazama matope.

"Nimekuposa, Zuweina. Siwezi kuvunja posa nikamwaibisha mtoto wa watu."

"Sikukuuliza hilo."

Himid akarudia jembe lake. Zuweina akairudisha turubai. Moza alimgusa mkono.

"Shoga, wallahi sikujua kama..."

"Usinishike."

Na Jadida walicheza kiwanja kimelowa. Safari hii Moza hakumtazama mtu mwingine. Kila alichodaka alikipeleka chini ya pete, kwa mkono wa kuume, wa kushoto, hata akiwa anaanguka. Zuweina alidaka na kufunga bila ya kumtazama usoni. Bao likiingia, wenzake wanashangilia, yeye anarudi mahali pake. Wakashinda. Lakini kwa ushindi wa msimu mzima walilingana na Jadida, yakahesabiwa mabao, na yale yaliyokosekana Kengeja yakawahukumu. Sinia likabaki Wete.

Siku ya pili Bi Khairiya alikwenda kwa kina Zuweina, uso umemshuka.

"Mwanangu, kosa ni langu. Lakini posa imekwishapokewa, na mwenyewe anasema atakuoa."

"Najua ataniweka ndani, atanilisha, atanivisha. Kisha Moza akipita njiani akatoa salamu, mume wangu atageuza shingo."

"Himid si mtu wa hivyo."

"Hata asipogeuka, nitaona kageuka. Mimi nina wivu, Bi Khairiya, sikufichi. Wivu wangu ni wa kuua mtu. Chukueni posa yenu kabla sijapelekwa jela."

Mama yake alilia, majirani walisema mengi. Zuweina hakurudi nyuma.

Walipokwenda kuposa mara ya pili, Bi Khairiya aliuliza jina kwanza, akaliuliza tena, kisha akamwomba msichana aseme neno lolote.

"Niseme nini, Bi Khairiya?" aliuliza Moza.

"Inatosha, mwanangu. Ndiye."

Siku ya harusi chumba cha bibi harusi kilijaa watu. Zuweina aliingia, na wote wakampisha. Moza alifunua mtandio.

"Umekuja."

"Nimekuja kula pilau."

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Kwa ajili ya Himid?"

"Himid hakuwa wangu. Alikuwa wako tangu mwanzo, amekufikia kwa njia ndefu. Lakini mechi mbili zile, Moza, zilikuwa zangu."

Moza aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea mikononi, juu ya hina.

"Nikulipe nini?"

"Msimu ujao ucheze."

"Mke wa mtu nicheze mpira?"

"Mke wa dereva. Lori si lenu?"

Moza alicheka ndani ya machozi. Zuweina hakucheka. Alimsukuma kwa bega, akakaa ubavuni pake juu ya mkeka, akanawa mikono, akaivuta sahani ya pilau ikawa baina yao.