Kaburi la Agapiti Chini ya Mparachichi

Kila asubuhi Hosiana alifagia uwanja. Alianzia mlangoni, akamalizia kwenye kaburi la mwanawe Agapiti, chini ya mparachichi. Kijijini kwao, karibu na Buseresere, uwanja mchafu ni aibu. Kaburi chafu ni aibu zaidi.

Lakini kaburi lilikuwa linaisha. Kila mvua ilichukua udongo. Mumewe, Donatus, alijaza udongo mara tatu. Hosiana alipanda ukoka, ukakauka wote. Mwezi wa kumi na moja ilinyesha mvua kubwa, msalaba ukaanguka.

"Nimeshindwa," Hosiana alisema. "Nilishindwa kumtunza akiwa hai. Hata hapa nashindwa."

Donatus akamwita jirani yao Generoza, mama mtu mzima anayeuza miche ya maua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Agapiti. Pole, mayu, pole mama." Generoza aligusa ardhi. "Nani anafagia hapa?"

"Mimi. Kila siku."

"Basi ufagio ndio unaolegeza udongo. Unaondoa na majani yanayoufunika. Mvua inamalizia."

Hosiana akakaa chini. "Kumbe ni mimi mwenyewe?"

"Hukujua. Na ukoka unataka jua, hapa ni kivuli. Panda hili." Alikuwa na ua linalotambaa, majani yake yana mistari ya zambarau. "Hili linapenda kivuli. Kila pingili ikigusa udongo inatoa mizizi. Likishika, hupandi tena."

Walikata vipande vya urefu wa kiganja. Walichanganya udongo na samadi iliyooza, wakiangalia wasikate mizizi ya mti. Walipanda kwa nafasi ya shubiri moja, wakatandaza majani makavu. Donatus akazungushia miiba kuzuia mbuzi.

"Mwagilia mpaka lishike, ila maji yasituame," Generoza alisema. "Magugu ng'oa kwa mkono. Na usifagie!"

Hilo la mwisho lilikuwa gumu. Wanawake waliopita walisema Mama Agapiti ameshamsahau mtoto. Hosiana aliwasikia. Iliuma sana, lakini hakufagia.

Kufikia mwezi wa tatu, majani yalikuwa yamefunika kaburi lote. Kisha mvua ikanyesha tangu alfajiri hadi mchana. Ilipokatika, Hosiana alikimbia kuangalia. Udongo ulikuwa pale pale.

Alipiga magoti, akalia kwa sauti. Miezi yote ile alikuwa akililia kaburi. Siku hiyo alimlilia Agapiti.