Mpini wa Kibao cha Ezra

Jumamosi ile soko la Kyela lilifurika hadi barabarani. Tangu watu binafsi waruhusiwe kuingiza bidhaa, marobota ya mitumba yalikuwa yakivuka kutoka Malawi kila wiki na kumwagwa chini, na wateja wakayachambua kama kuku wanaopekua pumba. Tusekile, fundi cherehani wa Bondeni, alikuwa ndani ya gauni la njano alilolishona mwenyewe. Alifuata vitambaa, lakini mkono wake ukaibuka na kibao cha mpira wa meza. Mkono wa mtu mwingine nao ulikuwa umekishika.

"Dada, hicho si cha kusukumia chapati," alisema mwanamume mrefu, shati lake la bluu limenyooshwa kwa pasi ya mkaa.

"Najua. Niachie. Mimi ndiye bingwa wa ukumbi wa vijana wa kanisani."

"Bingwa! Hebu nione unavyokishika."

Akamwonyesha. Yule bwana akacheka kwa upole.

"Umekikaba kama panga. Nadhani bega lako huchoka kabla ya seti ya tatu."

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Kibao chenyewe raba ilikuwa imepasuka, wakakirudisha wote wawili. Lakini hawakuachana. Walitoka sokoni pamoja, na kabla ya kufika Bondeni alishajua kwamba anaitwa Ambilikile, kwamba ni mtunza ghala wa shirika la umma la biashara, na kwamba aliwahi kuichezea timu ya shirika hilo huko Mbeya.

Jioni ya Jumatatu Ambilikile alikuja ukumbini. Alikitazama kibao cha Tusekile, akakipima kiganjani.

"Kizito hiki, na mpini wake mnene. Kilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa mwanamume."

"Kilikuwa cha kaka yangu Ezra. Homa ilimchukua mwaka juzi. Sitacheza na kingine."

"Basi tutajifunza kukibeba."

Akamfundisha. Asiutupe mkono mzima, kifundo tu kizunguke. Asikimbilie mpira, ausubiri upande na kufika kileleni. Na asipige kwa nguvu kila mara, kwani mpira unaodondoshwa taratibu nyuma ya neti humuua adui aliyesimama mbali. Kufikia mwezi wa pili wa mazoezi Tusekile alikuwa akiwashinda wanaume. Marta, mwenzake wa mazoezi, akaanza kusema kwamba wanaotazamana hivyo mezani hawahesabu pointi.

Ambilikile alipotumwa Mbeya kikazi, alipiga simu kwenye duka la Lazaro, jirani na cherehani ya Tusekile.

"Tusekile! Mwenye shati la bluu anakuita!" Lazaro alipaza sauti mtaa mzima usikie.

"Mpenzi, umefanya mazoezi?"

"Nimepiga ukutani mara mia mbili. Mkono unauma."

"Ningekuwepo ningeukanda."

"Nyamaza, Lazaro anasikiliza."

"Mzee Lazaro, ndaga!" Ambilikile alimsalimu kwa lugha ya nyumbani, akipiga kelele kwenye simu, na mzee akacheka hadi akakohoa.

Mashindano ya mkoa yalipangwa Mbeya, siku ya Jumamosi. Mshindi angeingia timu ya mkoa, na safari hiyo waliahidi pia kibarua katika kiwanda kimoja cha nguo. Tusekile aliisubiri siku hiyo kuliko alivyowahi kusubiri Krismasi. Halafu, Jumatatu ya wiki yenyewe, kibao cha Ezra kikatoweka kwenye msumari wake ukumbini.

"Nilimwona Ambilikile akipanda gari la Kasumulu, mpakani," Marta alisema. "Kakifunga kwenye gazeti. Siku hizi kila kitu kinauzwa, dada."

Jumatano simu ikalia. Ilikuwa inatoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, na laini ilikuwa inakwaruza.

"Tuse, sikiliza, nilitaka kuku..."

"Umekiuza! Ulikichukia tangu siku ya kwanza. Ndicho alichoniachia, Ambilikile! Usinipigie tena!"

Akakata. Lazaro akajifanya anapanga sabuni.

Huko Mbeya Tusekile alicheza kwa kibao cha kuazima. Mipira ilipaa juu ya meza kama panzi. Alitolewa raundi ya kwanza, ishirini na moja kwa nane, ishirini na moja kwa kumi na moja. Alirudi Kyela amejifunika kanga hadi machoni.

Asubuhi ya Alhamisi iliyofuata Marta alikuja na kifurushi, haya imemjaa usoni.

"Ambilikile kanipa sokoni jana. Hakutaka kuja mwenyewe. Nisamehe, dada."

Kilikuwa kibao cha Ezra. Raba mpya, nyembamba na nyekundu. Mpini umepigwa randa ukatoshea kiganja chake kana kwamba ulizaliwa humo. Kando yake palikuwa na kiberiti kilichojaa maranda ya mbao, na barua fupi: *Sikutupa hata kipande. Ni vya Ezra, vitunze. Shirika limetupunguza wote wa ghalani. Leo Alhamisi navuka na mjomba, tunakwenda Johannesburg. Kwaheri.*

Tusekile alichukua baiskeli ya Lazaro bila kuomba. Mvua ya Kyela ilimnyeshea njia nzima. Alipofika Kasumulu gauni lilikuwa tope tupu, na Ambilikile alikuwa amesimama kwenye foleni ya uhamiaji, begi moja miguuni.

"Kwa nini hukuniambia?" alimlilia.

"Nilitaka kukushtukiza. Nilikosa, ilinipasa kuomba kwanza. Fundi wa Karonga aliahidi Ijumaa, akamaliza Jumamosi. Nilikaa mlangoni kwake siku mbili."

"Ningeshindwa tu hata kama nisingekukatia simu?"

"Ungeshindwa. Lakini mimi nisingekubali kuondoka."

Ambilikile alisogea karibu. Akamfuta matope shavuni kwa kidole gumba.

"Ningekuoa, Tuse. Leo hii. Lakini kazi sina tena, mjomba nimeshampa neno, na mama anakula kwa mikono yangu. Usinisubiri."

"Hilo huwezi kunipangia."

"Wanaokwenda kule wengi hawarudi. Nakuambia kwa sababu nakupenda."

Mjomba wake aliita. Ambilikile alimkumbatia mbele ya askari na wachuuzi, muda mrefu, kisha akanyanyua begi. Tusekile alimfuata hadi mwanzo wa daraja. Hapo askari akamwomba karatasi, naye hakuwa nazo.

Tusekile alisimama akiutazama mgongo wa Ambilikile hadi ukapotea katikati ya watu wenye magunia, ng'ambo ya mto Songwe. Mama mmoja muuza samaki, beseni kichwani, akamgusa bega.

"Binti, unavuka? Nifuate, askari wananijua, tutapita wote."

"Hapana, mama," Tusekile alijibu. "Mimi ni wa huku."