Tunza Muvure

"Hodi hapa!"

Sabine aliijua ile sauti kabla hajageuka. Kisu cha kumenyea ndizi kikamtoka mkononi.

Libérat alikuwa amesimama langoni, pale uani kwao Kasenga, mjini Uvira, shati jeupe, kofia mkononi, amenenepa kama mtu aliyekaa mahali pasipo na vita. Miaka miwili na ushee hajaonekana. Hakumkumbatia. Alimpita, akaenda moja kwa moja kwenye muvure, akainama na kunusa ndani.

Muvure ni gogo refu lililochongwa kama mtumbwi. Humo ndizi zinakamuliwa, zinatiwa maji na unga wa mtama, kisha pombe ya kasiksi inafunikwa na kuachwa mpaka ichachuke.

"Iko muzima," Libérat alisema. "Sabine! Iko muzima!"

"Na minye? Minye siko muzima?"

"Weye nakuona na macho. Muvure inaonekana na pua."

Sabine akacheka. Ndivyo mapenzi yanavyomfanya mtu. Anapitwa kama nguzo ya ua, na bado anacheka.

Lile gogo lilichongwa na baba yake, marehemu Léopold, na nyumba ile ilikuwa na sheria moja tu kubwa: muvure haukuguswa na sabuni. Ulisuuzwa kwa maji matupu na kupanguswa kwa majani ya mgomba, basi. Chachu iliishi ndani ya mti wenyewe, na sabuni ingeiua. Libérat alikuja pale kijana, akajifunza, na mzee alipofariki akawa ndiye fundi mkuu. Siku ya uhuru, mwaka wa sitini, mji mzima ulikunywa pombe iliyotoka mikononi mwake, na jioni ile ile alimwambia Sabine kwamba hataoa mwingine.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na nne. Waasi walipokaribia Uvira, Libérat alisema anatangulia Usumbura, ng'ambo ya mpaka, kutafuta nyumba, wiki moja tu, atarudi kumchukua. Aliondoka na kibuyu cha chachu na furushi la nguo. Pale langoni alimshika Sabine mabega yote mawili akamwambia, "Tunza muvure."

Sabine aliyashika maneno yale kama pete ya uchumba. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mwanamume yule hakusema "jitunze".

"Uliniacha na mimba, Libérat," alimwambia sasa, wakiwa wamekaa kivulini.

"Sikujua."

"Minye pia sikujua. Nilijua mu njia, tukipanda milima ya Bijombo, risasi iko inalia nyuma yetu. Siku ya tatu ikatoka. Mama akazika pembeni ya njia. Hata jina hatukupa."

Libérat alitazama kofia yake.

"Pole sana. Mungu anajua." Akaigeuza ile kofia. "Na muvure? Muliificha wapi?"

Sabine alidhani uchungu umemzidi, ndiyo maana anabadilisha mazungumzo. Wanaume wengine hawawezi kulia, alijisemea. Akamweleza yote. Jinsi yeye na mama yake walivyouburuta muvure hadi kwenye shimo la kuivishia ndizi, wakaufunika majani na udongo. Jinsi walivyorudi baada ya miezi sita wakakuta milango, viti, hata kitanda cha baba vimekwisha kuwa kuni za askari, lakini muvure uko palepale shimoni. Jinsi pombe tatu za kwanza zilivyoharibika, na Venant, dereva wa kamyo ya mizigo, mteja wao wa zamani, akatangaza hadi Nyamianda kwamba pombe ya Libérat imekufa.

"Ya ine ikakubali," Sabine alisema. "Sasa bantu banatoka Nyamianda na vibuyu vyabo. Juu ya mukono yangu, si juu ya mukono yako."

"Nilisikia," Libérat alijibu. "Hata Usumbura tulisikia. Njo maana nimekuya."

Sabine alisikia tu lile neno "nimekuya". Mengine yalipita kama upepo wa ziwani.

Mama yake, Anne-Marie, alifurahi mpaka akachinja jogoo. Kesho yake Libérat aliupima muvure kwa kamba, urefu na upana, akafunga mafundo.

"Unapima ya nini?" Sabine aliuliza.

"Nataka kukumbuka tu. Nikiwa kule nitakuwa ninaishika hii kamba."

Maskini Sabine, akaona hakuna mwanamume anayependa namna hii duniani.

Mambo yakaenda mbio. Libérat aliomba kuoa. Baba Mukubwa Gaspard, kaka wa marehemu, ndiye wa kupokea mahari, na alipotajiwa ng'ombe watatu wa Bijombo alikubali kabla sentensi haijaisha.

"Na kitu kimoja kidogo, baba," Libérat aliongeza. "Sabine akuye na vyombo vyake. Kirago, vibuyu, na muvure."

"Bibi arusi haendi mikono mitupu," Gaspard alisema. "Hiyo iko desturi."

Ijumaa, siku moja kabla ya mahari, kamyo ya Venant ilisimama nje. Dereva aliingia akijikuna shingo, na siku hiyo hakuomba kibuyu.

"Yaya Sabine, dada yangu, niko na barua. Mwanamuke moja wa Usumbura alinipa. Aliniambia nikupe weye mwenyewe, mu mukono."

Sabine aliifungua palepale, akasoma amesimama.

"Dada Sabine,

Hunijui. Mimi ni Consolate, mke wa Libérat. Tulifunga ndoa kanisani mwaka jana, mwezi wa kwanza. Ninakuandikia bila hasira. Pombe yetu haisimami. Kibuyu cha chachu alichotoka nacho kwenu kilikufa, na mapipa yanatoa siki tu. Sasa ameniambia analeta muvure na mwanamke wa kuuhudumia. Chumba cha muvure nimeshafagia, na mlango umepanuliwa kwa vipimo vya kamba aliyotuma. Cha kwako sijaambiwa. Kama unajua utalala wapi, mwambie Venant anijulishe, maana sitaki kukukosea heshima."

Aliisoma mara mbili, kisha akampa mama yake. Anne-Marie aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Labda iko wivu," mama alisema. "Wanamuke banaandika maneno mingi."

"Mama, kamba. Anajua ile kamba."

Anne-Marie akakaa chini kama aliyesukumwa. Yeye ndiye aliyechinja jogoo.

"Tutafanya nini, mwanangu? Ng'ombe biko njiani."

"Bikuye. Bantu nabo bakuye. Nitamuuliza mbele yabo."

Jumamosi asubuhi ua ulijaa. Ng'ombe watatu walikuwa wameteremshwa kwa njia ileile ya Bijombo ambayo Sabine aliipanda akivuja damu, na sasa walikuwa wakila majani ya migomba langoni kama wenyeji. Gaspard alivaa koti la sikukuu. Pombe ilimiminwa kwenye kibuyu kikubwa, na kama ilivyo kawaida, aliyeipika ndiye wa kuonja kwanza mbele ya wageni. Sabine alionja, akamwachia baba yake mkubwa. Ilikuwa tamu kweli, na hilo ndilo lililomuuma.

"Baba Mukubwa, mbele ya kupokea, niko na swali."

"Bibi arusi anauliza? Bon, basi uliza."

"Libérat, Consolate ni nani?"

Libérat alimtazama Venant, Venant akatazama miguu yake.

"Ni... ni muntu wa kuuza ku baa yangu ya Usumbura."

"Mulifunga ndoa na kila muntu anauza ku baa yako?"

Alitoa barua, akaisoma kwa sauti kuanzia "Hunijui" mpaka "heshima". Shangazi mmoja akapiga kofi na kushika mdomo. Libérat akasogea karibu na kuanza kunong'ona, lakini kila mtu alisikia.

"Sabine, sikiliza. Ule ni bibi wa karatasi. Nilikuwa mugeni kule, nikakosa mahali pa kulala. Weye njo wa roho. Weye njo wa tangu zamani."

Gaspard akakohoa. Macho yake yalikuwa kwa ng'ombe.

"Mwanangu, mwanaume kuwa na bibi wawili haiko kitu cha kuvunja mukutano."

"Haiko kitu, Baba Mukubwa. Ninakubali."

Hata mama yake aligutuka.

"Ninakubali kuwa wa pili," Sabine alirudia. "Ng'ombe birudi, sitaki hata moja. Libérat, nishike mukono twende leo, kwa kamyo ya Venant. Minye na kirago. Muvure inabaki na Mama."

Alinyoosha mkono. Ndugu msomaji, alikuwa na maana. Kama mwanamume yule angeushika angemfuata, na mimi nisingekuwa na cha kusimulia. Mkono ulikaa hewani, watu wote wakiutazama.

"Sasa," Libérat alisema, "bila muvure tutakula nini?"

Sabine alishusha mkono.

"Mama, niletee maji. Na sabuni."

Anne-Marie hakusogea. Sabine akaenda mwenyewe, akarudi na ndoo na mche wa sabuni ya kufulia. Alipopiga magoti kando ya muvure ndipo Libérat akaelewa.

"Hapana! Sabine, hapana!"

Alijitupa chini, akaukumbatia ule mti kwa mikono yote miwili, shati jeupe kwenye matope, na machozi yakamtiririka mbele ya wazee.

"Chukua ng'ombe! Nitamufukuza Consolate, leo hii nitamufukuza! Usiiguse, ninakuomba, usiiue!"

Sabine alimtazama akilia. Alikuwa hajawahi kuyaona machozi yake.

"Siku nilikuambia juu ya mutoto wetu," alisema taratibu, "macho yako ilikuwa mikavu. Nikasema huyu hajui kulia. Kumbe unajua."

Akamwaga maji. Povu jeupe likapanda ndani ya mti uliokaa miaka kumi na saba bila kulijua. Gaspard alipiga kelele, "Unaua nyumba ya ndugu yangu!" Sabine alisugua akilia kwa sauti, kwa sababu alijua kwamba ndivyo. Alikuwa akisugua jasho la baba yake na chakula cha mama yake, na hakukuwa na namna ya kumwosha Libérat peke yake humo ndani.

Kisha akasikia ndoo nyingine ikitua. Anne-Marie alikuwa amepiga magoti upande wa pili, amekunja mikono ya nguo. Akaanza kusugua kutoka mwisho ule.

Libérat aliondoka na ng'ombe wake kabla ya adhuhuri. Wiki iliyofuata Venant alileta salamu kutoka kwa Consolate: chumba cha muvure amefugia kuku.

Pombe ya kwanza iliharibika, na ya pili, na ya tano. Walizimwaga kwenye migomba. Wateja walihamia kwingine, Anne-Marie akaanza kuuza mihogo barabarani, na Gaspard hakukanyaga tena ule ua. Kuna waliosema Sabine alirogwa. Wengine walisema angevumilia tu, wanawake wangapi wamevumilia makubwa zaidi? Kuna asubuhi ambazo hata yeye alisema hivyo.

Mvua ziliporudi, Venant alipita kwa mazoea, akamkuta Sabine ameinama juu ya muvure, sikio karibu na majani yaliyoufunika, akisikiliza kama pombe inachachuka.

"Inasema kitu?"

"Kidogo."

Alichota, akaonja wa kwanza. Uso ukamkunjamana.

"Iko vile ya zamani?" Venant aliuliza.

"Hapana. Iko chungu. Na sijui kama ile ya zamani itarudia siku moja."

Venant alikaa kwenye jiwe, akafungua kibuyu chake.

"Weka tu," alisema. "Nitakunywa hiyo."