Bendera Bila Mfuko

"Hilux nyeupe inaelekea Carama. Bendera iko wazi."

Gaspard, ofisa wa ujasusi, akaisikia taarifa hiyo redioni, akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikaruka mashimo ya mtaa wa Cibitoke na kuku wakatawanyika.

Hilux ile hapo.

Kwenye boneti yake kilipepea kibendera chekundu chenye mizinga miwili ya dhahabu iliyopishana. Cha bandia. Nyuma, chini ya magunia ya mihogo, yalikuwamo makombora ya Patrick, mlanguzi wa silaha. Kwenye kizuizi cha barabarani gari la kikosi cha mizinga halipekuliwi, linapigiwa saluti. Patrick alilijua hilo.

Asichojua ni kwamba askari wa mizinga hawapeperushi bendera njiani. Husafiri nayo ndani ya mfuko wa turubai, na kuitoa mizinga ikishawekwa mahali pake. Gaspard alikuwa askari wa mizinga kabla ya ujasusi.

Aliyeishona ni Mawazo, fundi cherehani, mkimbizi kutoka Congo. Wiki iliyopita Gaspard alikwenda kwake kama mteja, suruali mkononi, akaikuta bendera mezani. Mama wa watu hakuficha kitu. Alimdhani ofisa wa mizinga, akamwuliza kama bendera inahitaji mfuko. Neno moja la onyo lingemtoa mtegoni. Gaspard akamjibu haihitaji, kwa sababu alimtaka Patrick, na bendera isiyo na mfuko ingemfichua.

"Iko wazi. Piga matairi," aliamuru redioni.

Kizuizini, Luteni Méthode hakusita. Bunduki za FN zikalia. Hilux ikaingia mtaroni, magunia yakapasuka, makombora yakabiringika. Patrick akatoka mikono juu, bastola yake ya Browning ikiwa chini.

Kisha mlango wa pili ukafunguka.

Mawazo. Patrick alikuwa amemchukua ili asibaki mjini mtu wa kusema.

Luteni aliuliza nani kashona bendera. Mama hakukana. Alimwona Gaspard akishuka garini, uso ukamchangamka kama aliyemwona baba, akamgeukia Luteni.

"Chef, uyu papa ananijua. Mi nilimuuliza, akasema iko sawa. Papa, waambie."

"Unamujua?" Luteni aliuliza.

Kukubali kungekuwa kusema mbele ya askari wote kwamba idara ya ujasusi iliacha makombora yapite mitaani makusudi.

"Apana. Simujui uyu mama."

Wakamfunga kamba moja na Patrick.

Gaspard akavaa Ray-Ban, akatembea polepole kuelekea garini. Redio ilikuwa ikimpongeza. Aliona aibu kali, akaizima.

Nyuma yake Mawazo aliendelea kumwita papa, bila hasira, akidhani hakumsikia vizuri.