Aliyepunga Kwa Ponsian

Jioni ile tulikwenda kufuata masufuria tu. Kesho yake Agape, binti wa mdogo wangu Method, alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na mama mwenye vyombo vya sherehe anakaa Ilembo. Method alikuwa na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo. Mimi nikaongozana naye kwa sababu mwanaume ukimtuma vyombo peke yake, anabeba chochote kinachong'aa hata kama kimetoboka.

Method nampenda. Nilimbeba mgongoni huyu, na mama yetu akienda shamba mimi ndiye niliyemlisha uji. Lakini barabarani ni mwehu. Analipita lori kwenye kona huku anatafuta wimbo kwenye redio. Ukimwambia punguza, anaongeza, halafu anakutazama usoni aone kama umeogopa.

Na relini ndiyo kabisa. Sisi watu wa Mpanda siku za treni tunazijua kama tunavyojua siku za gulio. Ikiwa si siku yake, hakuna anayesimama. Ng'ombe wenyewe wanalala kati ya vyuma viwili wanacheua. "Leo si siku ya treni," dereva anasema, na hapo mjadala umefungwa.

Pale tunapovukia hakuna geti. Kuna kibao kimoja, nacho kimeinama. Treni inatokea kwenye kona yenye vichaka, ukija kuiona imeshakufikia. Ndiyo maana tuna desturi yetu. Mtu mmoja anashuka garini, anasimama katikati ya reli, anaangalia huku na huku, kisha anampungia dereva mkono. Pita. Kama huna wa kushuka, yeyote aliye pale atakufanyia. Muuza mahindi ya kuchoma, mchunga ng'ombe, mama anayetoka kisimani. Na dereva akishapungiwa haangalii tena kushoto wala kulia. Anaufuata ule mkono.

Mimi nikiwa na Method nilikuwa nashuka kila mara, iwe siku ya treni isiwe. Alikuwa ananicheka mpaka anafuta machozi. "Dada Romana, reli wameshakuajiri?" Nacheka naye, na nashuka.

Mahali penyewe panaitwa Kwa Ponsian. Ponsian alikuwa jirani yetu hapa Majengo, dereva wa lori la mahindi, na treni ilimkutia pale. Mwenzake aliyewahi kuruka alisimulia jambo moja ambalo hakulibadilisha hata siku moja. Alisema lori lilikuwa limesimama vizuri kabisa. Ponsian akamwona mke wake, Esteria, amesimama relini anampungia. Akacheka, akasema huyu naye kafuata nini huku... akaondoa lori.

Saa ile Esteria alikuwa jumuiyani, anasali rozari. Alikuwa amepiga magoti pembeni yangu, bega kwa bega. Nilimwapia kila aliyeniuliza. Watu walinisikiliza, wakatikisa vichwa, wakaendelea kumwita mchawi. Kila baada ya muda dereva mwingine alikuja mjini anatetemeka, anasema amemwona yule mjane relini jioni, mkono juu.

Kitu kimoja sikumwambia mtu. Tangu mumewe afe, Esteria aliumwa mkono wa kushoto. Alikuwa anaukanda kwa mawese kila jioni, ameukumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Mkono unachoka, mdogo wangu," aliniambia. "Sijui unachoka na kazi gani."

Nilimwambia ni baridi yabisi. Mimi sikuwa mtu wa kuamini mambo ya ovyo.

Basi, tukapakia. Masufuria makubwa, viti vya plastiki, turubai. Vyombo vilijaa mpaka kiti changu cha mbele kikachukuliwa na sahani, na isitoshe lazima mtu ayashike masufuria yasidondoke. Nikapanda nyuma, nikajibana katikati ya viti. Method akanifunga na vyombo kwa kamba moja, anacheka.

"Ukitaka nisimame gonga bodi mara moja, dada. Ukigonga sana nitajua unacheza muziki."

"Endesha kama una mtoto," nikamwambia.

Jua lilikuwa linazama. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, majani yananukia, vyura wanapiga kelele madimbwini. Masufuria nayo yalikuwa yanagongana kila tukiingia shimoni, kelele tupu. Tulipokaribia reli nikagonga bodi. Mara moja, kwa nguvu.

Na Method akasimama.

Nataka mlijue hilo. Watu wanasema alikuwa anakimbia, wanasema alikuwa anashindana na treni, na wanasema hivyo kwa sababu wanamjua. Siku ile alisimama. Alikuwa anampelekea mtoto wake vyombo vya komunyo, na alisimama mbali na reli, akazima redio, akatoa kichwa dirishani.

"Haya, mama wa reli! Shuka utupitishe!"

Nikajaribu kunyanyuka. Sikuweza. Viti vilikuwa vimeteleza vikanibana mapaja, na sufuria kubwa limekalia mguu wangu. Nikaivuta kamba, ikazidi kukaza.

"Subiri!" nikaita. "Sitoki, nimebanwa! Njoo unifungue!"

Alikuwa ameshapandisha kioo.

Hapo vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Nikanusa kitu. Harufu ya chuma kilichochomwa, na ndani yake harufu nyingine, kama nywele zinaungua. Nikainua shingo nitazame juu ya paa la gari...

Kulikuwa na mwanamke relini.

Alikuwa ametugeuzia mgongo. Alivaa kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Nikakitambua mara moja, maana kile ndicho kilikuwa sare yetu ya kesho. Wanawake wa familia yetu tu ndio tulikuwa nacho, na fundi alikuwa ametukabidhi asubuhi ileile. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikadhani ni Lucia, mke wa Method, ametoka kutupokea.

Mwanamke akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Mkono mmoja ulikuwa umekamata pindo la kitenge lisiguse matope, namna ninavyokamata mimi. Nilikuwa natazama jinsi ninavyosimama. Sijui namna nyingine ya kulieleza hili. Kila mtu anajijua anavyosimama, hata kama hajawahi kujiona kwa nyuma.

Reli ikaanza kulia.

Nzzzzz...

Tulikuwa tumesahau kitu kimoja. Kweli siku ile haikuwa siku ya treni. Lakini treni ya jana yake ilikuwa haijafika. Mvua zilikuwa zimelila tuta la reli huko njiani, na mji mzima ulikuwa unajua, hata mimi nilikuwa nimesikia sokoni asubuhi.

Mwanamke akageuka kuelekea gari. Kamba ikanirudisha chini, paa la kirikuu likanizibia uso wake, na sijui nishukuru au nilie. Niliona mkono tu. Wa kushoto. Ulipanda polepole, kiganja wazi.

Pita.

Pita...

Nikagonga bodi. Mara moja, kama tulivyokubaliana. Gari likaanza kutembea. Nikagonga tena, nikagonga kwa ngumi zote mbili, nikagonga kwa kichwa. Nikapiga kelele jina lake, jina la ubatizo, jina la utani la utotoni. Masufuria yalikuwa yanagongana huku na huku. Honi ya treni ikalia kwenye kona, ndefu, karibu, taa ikapasua vichaka.

Yule mwanamke hakukimbia. Alirudi nyuma hatua chache tu, kama anavyofanya mtu anayempisha dereva. Aliendelea kupunga.

"Method! Mdogo wangu! Simama!"

Gari likapanda reli taratibu. Kwa adabu kabisa. Mwendo ambao nilikuwa nimemwomba miaka yote.

*

Treni ilikipiga kirikuu puani. Mimi viti na turubai ndivyo vilivyoniokoa. Kamba ilikatika, nikatupwa navyo mtaroni, nikavunjika mbavu. Method walimtoa kwa kukata bati. Mguu wa kulia haukutoka mzima.

Agape alipokea komunyo bila baba na bila shangazi. Picha yake ninayo. Hacheki.

Method alipozinduka hospitali, nilikuwa nimekaa kitandani pake. Midomo yake ilikuwa imekauka, nikataka kuilowesha kwa pamba. Akageuza uso.

"Nilikukosea nini, dada?"

"Method..."

"Ulinipungia. Nilikuona usoni. Ulikuwa unatabasamu."

"Nilikuwa nyuma! Nimefungwa kamba! Nilikugongea mpaka mikono ikachubuka, tazama!"

Nikamwonyesha. Hakutazama.

"Nilidhani ni masufuria," akasema kwa sauti ndogo. "Na honi sikuisikia. Kulikuwa kimya, dada. Kimya kama kanisani." Machozi yakamtoka. "Kwa nini ulitabasamu?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Tangu siku ile mama yangu mzazi ananisalimia bila kunipa mkono.

Waliponiruhusu kurudi nyumbani, nilifungua kabati nitoe ile nguo ya sare niigawe, maana sikutaka kuiona tena. Ilikuwa imekunjwa nilivyoikunja. Sikuwahi kuivaa. Pindo lake lilikuwa na matope makavu na grisi nyeusi.

Nikaichoma uani. Ilinukia nywele.

Jioni hiyo Esteria alikuja. Alikuwa amebeba mfuko wake wa safari. Uso wake ulikuwa umenyooka, mdogo, kama wa mtu aliyelala usingizi baada ya miaka.

"Naenda Karema kwa kaka yangu," akasema. "Nimekuja kukuaga. Wewe ndiye pekee uliyenitetea."

"Mkono je?"

Akaunyanyua ule wa kushoto, juu kabisa, akakunja vidole na kuvikunjua.

"Tangu jioni ile ya Method hauniumi."

Nilitaka kumfukuza, nilitaka kumkumbatia. Nilianza kulia na sikujua nalilia nini.

"Ni nini kile, dada Esteria?"

"Sijui, mdogo wangu. Ningekuwa najua ningekuwa na mume." Akashusha sauti. "Mganga mmoja alisema pale reli ilipita juu ya watu waliolala kaburini. Padri alisema nisali. Mimi najua kimoja tu. Kinamtafuta mtu ambaye dereva hawezi kumkatalia. Halafu kinakaa na sura hiyo mpaka mwenyewe achoke. Mimi nilikuwa nimechoka sana. Nadhani kilijua."

Akaweka kichupa cha mawese juu ya meza yangu. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Sikukaa kimya. Sikutaka mtu mwingine aumie. Nilikwenda kijiweni kwa bodaboda, nikaenda stendi, nikawaambia madereva wote kwa mdomo wangu: nyie, mkiniona mimi relini, msipite. Hata nikiwaita kwa majina. Hata nikicheka. Simameni, shukeni wenyewe, tazameni wenyewe. Si mimi.

Walinitazama. Mzee Manyanda, dereva wa lori la ng'ombe, akauliza kwa upole:

"Kama si wewe, mama, umejuaje kwamba utakuwepo?"

Jioni ile mtaa mzima ulikuwa unasema Romana amekiri mwenyewe.

Sasa watoto wanapishana nami kwa mbali. Agape aliletwa na Lucia siku moja kunisalimia, nikampa kipande cha muhogo. Alikipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Baadaye nilikikuta nyuma ya mlango.

Juzi nilikuwa nafagia uani. Bodaboda mmoja nisiyemjua, mgeni wa mji, akapunguza mwendo mbele ya nyumba yangu. Akavua kofia, anatabasamu.

"Mama, asante sana kwa jana. Ulinipitisha vizuri pale relini. Ningesubiri mpaka giza."

Jana yake nilishinda ndani. Mbavu zilikuwa zinauma, sikufika hata dukani.

"Usipite tena pale," nikamwambia. "Nakuomba, mwanangu."

"Aa, leo nitapita tena, na keshokutwa pia, usiwe na wasiwasi. Nikikuona wewe nitajua kuko salama."

Akapiga starta, akaondoka. Nilimkimbilia mpaka njia panda naita, mbavu zinanichoma, na watu waliokuwa barazani wakaingiza watoto wao ndani.

Usiku huo nililala na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Asubuhi nilishindwa kuinua ndoo. Nimeupaka mawese ya Esteria, nimeufunga kwa kanga, nimeukalia. Kuna wakati unatulia.

Leo ni siku ya treni. Mkono umeanza kuuma tangu mchana.