Hewa ya Michée

«Nani alicheza muchezo ya Michée?»

Léonie aliuliza mara mbili. Vijana waliojazana kwenye sale ya Honoré, ukumbi wa michezo ya video, walikuwa kwenye mpira, vidole kwenye manette za kuchezea, macho kwenye televisheni.

Jua lilikuwa linazama. Léonie alikuwa ametumwa kitu kidogo tu, kuchukua diski ya mchezo ya mdogo wake Michée. Kesho familia ingeondoa matanga, na vitu vyote vya marehemu hukusanywa kwanza, hata alivyoazimisha watu, ndipo vigawiwe.

Marehemu. Nani alimuona amekufa? Redio ilisema barabara ya Djugu ni salama. Michée akaenda kuangalia shamba walilolikimbia wakati wa vita, na hakurudi. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Amani ilikuwa imetangazwa, lakini walioitangaza hawakupita barabara ile. Na baba mdogo Laurent alichoka kusubiri haraka sana, maana kiwanja cha mtu hakigawiki mwenyewe akiwa hai.

«Mimi sikuigusa,» Honoré alisema. «Nani anaitaka? Haina mupira. Michée peke yake ndiye aliisifu.»

Kweli. Ulikuwa mchezo wa kuogofya, wa chombo kilichopotea kati ya nyota. Mchezaji ni kapteni, na ndiye anayewapa watu wake majina. Mmoja akipotea nje, kapteni anaruhusiwa kumtangaza amekufa, na hewa yake wanagawana waliobaki. Michée hakuwahi kumtangaza mtu. Alisubiri mpaka hewa ya wote inakwisha, anashindwa, anaanza upya. Wenzake walimwita kapteni ya bure. Yeye alisema huo ndio mchezo bora kuliko yote, watu hawajui tu.

Sasa ulikuwa unawaka kwenye televisheni ya kona. Ndani ya chombo walikuwemo Véronique, Laurent na Léonie, yaani mama yao, baba mdogo, na yeye mwenyewe. Nje, gizani, mmoja tu.

Michée.

Chini yake, swali kwa Kifaransa: atangazwe amekufa? *Oui. Non.*

Léonie akabonyeza *Non*.

Swali likarudi.

*Non.*

Likarudi tena.

Umeme ukakatika. Televisheni za mpira zikazima, vijana wakatoka nje wakinung'unika, Honoré akawafuata kuwasha jenereta. Ile ya kona... haikuzima.

Tok. Tok. Tok.

Kama mtu anayegonga bati kwa kidole, kutoka upande wa pili wa kioo. Ikaja harufu ya udongo uliolowa na nyasi za paa zilizoungua. Léonie aliijua. Ni harufu ya siku waliyokimbia Djugu.

«Yaya,» sauti ikanong'ona, kama Michée alivyozoea kumwita dada yake. «Musinigawe... Ningali napumua.»

Léonie hakuwa amegusa kitu. Kwenye kioo, jibu likajichagua lenyewe.

*Oui.*

Giza.

Alikimbia mpaka nyumbani. Uani, nguo za Michée zilikuwa zimetandazwa kwenye mkeka, na wazee wakichagua.

«Baba mudogo, si mulisema kesho?»

«Kesho watu iko na kazi.» Laurent alikuwa anafunga vifungo vya koti la kijani la Michée. «Angalia. Ni kama walinishonea.»

«Muivue. Ameniambia angali anapumua.»

«Université hii anasomea,» Laurent akawaambia wazee, «inawafundisha kubishana hata na wafu.»

Wakacheka. Mama Véronique hakucheka. Alimvuta Léonie pembeni, akamnong'oneza:

«Hata kwako anagonga?»

Nyuma yao kicheko kikakatika. Laurent alikuwa amefungua mdomo wazi, macho yamemtoka, akivuta hewa... na hewa haiingii. Akalirarua lile koti mabegani. Lilipoanguka tu chini, akapumua.

Daktari alisema ni pumu. Pumu, kwa mwanaume ambaye maisha yake yote hakuwahi kukohoa.

Diski nayo Honoré aliikuta kabatini, ndani ya kasha lake. Aliapa kwamba haijatoka humo tangu Michée aondoke.

Unafikiri Laurent alilirudisha koti? Alilipeleka sokoni asubuhi, akaliuza, na kiwanja akakigawa.

Kwa hiyo, kama ni weye uliyelinunua, lile la kijani lililopasuka begani, usilivae. Tafadhali, murudishie mama Véronique.