Fulana Zilizotangulia Msiba

"Ile fulana ya kumuaga Chumvi imebaki?"

Msichana aliyeuliza alikuwa amevaa joho la karatasi za kung'aa na mabawa ya waya mgongoni. Lilikuwa tamasha kubwa la mwisho wa mwaka, la wapenzi wa katuni, vichekesho na muziki, na nusu ya watu walikuja wamejigeuza mashujaa wa kubuni. Penseli alikuwa anakunja fulana mezani. Akadhani hajasikia vizuri.

"Kumuaga? Kwani anakwenda wapi?"

Msichana akamtazama, akaziba mdomo kwa kiganja, akajipenyeza kwenye umati na mabawa yake.

Penseli ni jina alilopewa na wauzaji wenzake, kwa sababu penseli haikumtoka nyuma ya sikio hata akienda harusini. Yeye huchora. Mchumba wake, Bwana Rangi, huchapa: analaza fulana chini ya fremu ya kitambaa chembamba, anasukuma rangi kwa kipande cha mpira, moja baada ya nyingine, kisha anazianika kwenye kamba. Wawili hao walikuwa wakizunguka kila tamasha na meza yao ya kukunja, na harusi yao ilikuwa imepangwa mwezi wa pili wa mwaka mpya. Na huyo Chumvi alikuwa kaka yake Penseli, tumbo moja. Mchekeshaji. Kirefu chake Chumvi Nyingi, maana tangu utotoni alikuwa akiongea kama babu aliyechoka na dunia. Misemo yake ndiyo iliyokuwa ikiuzika kuliko kitu kingine chochote pale mezani. Sasa figo zilikuwa zimemlaza hospitali miezi kadhaa.

Penseli akatoa simu. Ujumbe ulikuwa umefurika.

"Pole sana dada, tumepoteza mtu."

"Kazi ya Mungu haina makosa."

"Nimesikia sasa hivi. Siamini."

Akampigia mama yake. Namba inatumika. Akapiga tena, inatumika. Akakaa juu ya kreti na kushika ukingo wa meza.

Bwana Rangi akaja mbio, amekwisha kusikia. Akamkumbatia kwa nguvu, machozi yanamtoka kweli, si ya kuigiza.

"Pole mpenzi wangu. Pole sana. Ameondoka shemeji yangu."

Kisha akainama, akavuta boksi kutoka chini ya meza. Boksi lile Penseli hakuwa ameliona wakati wa kupakia mizigo. Ndani yake mlikuwa na fulana nyeusi, zimekunjwa vizuri, na kwenye kila moja ulikuwepo uso wa Chumvi, mdomo umeinuka upande mmoja kama mtu anayeficha mzaha. Mchoro ule aliuchora yeye mwenyewe, zawadi ya kaka yake ya kuzaliwa. Chini yake yaliandikwa maneno "Tutakucheka daima", na chini ya maneno miaka miwili: wa kuzaliwa na huu uliokuwa unaisha.

Watu walikwisha kunyoosha mikono. Penseli akaigusa moja. Rangi ilikuwa imekauka, imepigwa pasi. Na rangi yao hailazimishwi kukauka, lazima ilale kwenye kamba siku nzima, la sivyo inapasuka. Alikuwa bado anaitazama ile fulana simu ilipoita. Namba ya mama, sauti si ya mama.

"Haloo, hapa ni kuzimu. Mtandao wetu mzuri kuliko wenu. Unamtaka marehemu yupi?"

"Kaka?"

"Ndiye mimi, mdogo wangu. Nakunywa supu. Mama analia kwa sababu watu wanampa pole. Mimi nacheka, kwa sababu yule dada aliyenikataa mbele za watu ameandika kwamba nilikuwa kipenzi cha moyo wake. Kumbe nilikuwa nakosea tu muda wa kutongoza."

Penseli akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na machozi, hata muuza kofia wa meza ya jirani akaja kumpa kitambaa. Alipokata simu akafunga lile boksi na kulikalia. Akawaambia wateja kwamba hakuna aliyekufa. Wengine walimshukuru Mungu. Mmoja aliuliza kama bado anaweza kuuziwa, ili tu asije akahangaika baadaye.

Muuza kofia ndiye aliyelifumbua fumbo, tena bila kujua kama kulikuwa na fumbo. Asubuhi aliwasaidia kushusha mizigo, boksi likafunguka, akaiona ile fulana. Akaipiga picha, akairusha mtandaoni.

"Nilijua familia imeshathibitisha," akasema, macho chini. "Wewe si dada yake? Ningeiona kwenye meza nyingine nisingeamini. Kwenu nikaamini."

Penseli akamvuta Bwana Rangi nyuma ya pazia la meza, katikati ya makreti. Hakupaza sauti. Nje muziki ulikuwa unapigwa, na watu wanashangilia kitu jukwaani.

"Ulizichapa lini?"

"Penseli, nisikilize. Kila mchapaji kwenye tamasha hili anazo. Akiondoka mtu mkubwa, aliyetangulia ndiye anauza, wa pili fulana zake anapangusia rangi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sikutaka uso wa shemeji uchapwe ovyo na watu wasiomjua, pua kama viazi."

"Nimeuliza lini."

"Wiki ile daktari alipowaita wewe na mama ofisini. Ulirudi ukaniambia hakuna matumaini. Wewe mwenyewe uliniambia." Akapangusa uso kwa mkono wenye rangi. "Nilizichapa nikilia. Naapa."

"Na mwaka uliuandika ukilia?"

Bwana Rangi akageuka kupanga makreti yaliyokwisha kupangwa.

"Ungeacha wazi," Penseli akasema. "Ungechapa uso peke yake, ningekuelewa, ningesema umeogopa kama mimi. Lakini umeandika mwaka. Mwaka wenyewe huu unaisha. Kaka yangu akivuka, boksi lote hili halifai hata kupigia deki. Kila siku anayoamka mzima ni hasara yako."

"Usiseme hivyo."

"Kila asubuhi ulikuwa unaniuliza, kaamkaje leo. Kabla hata hujaniambia habari za asubuhi. Nikawa najisifu kwa mama kwamba nimepata mwanamume mwenye moyo."

Hapo Bwana Rangi akavunjika. Akakaa chini kwenye nyasi zilizokanyagwa, akalia kwa kwikwi. Na tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Siku Chumvi alipozidiwa na lifti ya hospitali ikawa mbovu, ni yeye aliyembeba mgongoni ngazi zote hadi wodini, bila kupumzika, huku mgonjwa akimwimbia sikioni. Penseli alikuwa nyuma yao siku ile amebeba viatu vya kaka yake, na kama kulikuwa na siku aliyompenda mwanamume huyu kuliko siku nyingine zote, ni hiyo. Ndiyo maana iliuma.

Penseli alipokwenda wodini alichukua fulana moja, kwa kuwa Chumvi aliitaka. Mgonjwa akaishika mbele ya dirisha, akaikagua kama mzee anayekagua mbuzi wa mahari.

"Umenichora vizuri. Pua umenipunguzia, Mungu akulipe."

Akataka avalishwe. Mama akagoma, akatoka nje kabisa, akasema yeye hawezi kumvisha mwanawe sanda ya mzaha. Penseli akamvisha mwenyewe, akiupitisha mkono wenye mrija polepole. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza. Chumvi akajipiga picha, akawaandikia mashabiki wake: "Fulana nimeipenda. Tatizo tarehe, wamewahi." Kabla hajaweka simu chini, nusu ya nchi ilikuwa inacheka.

Kisha akaacha kucheka.

"Shemeji hajaja kuniona tangu siku ile."

"Anaona aibu."

"Na wewe?"

"Mimi namtamani na ninamchukia, kaka. Vyote kwa wakati mmoja. Nikifumba macho namwona amekubeba. Nikiyafumbua naona ule mwaka."

Chumvi akavuta pumzi, ikakwama katikati, akangoja ipite.

"Mimi mtu aliyenibeba mgongoni siwezi kumtupa kwa fulana. Lakini mimi siolewi naye. Mwambie azichome. Akizichoma, basi alikuwa ameogopa tu. Asipozichoma, utajua umelala na nani."

Penseli akampigia mchumba wake pale pale na kumwambia. Bwana Rangi akakubali kabla sentensi haijaisha. Jioni ikaja picha kwenye simu, moto unawaka kwenye pipa nyuma ya karakana yao ya kuchapia, na ujumbe chini yake: "Nimezichoma zote, mpenzi. Nisamehe. Mwambie shemeji nakuja kesho."

Akaja kweli. Chumvi akamwita mchimba kaburi wake, akamtaka amkune mgongo, wakacheka mpaka muuguzi akawagombeza. Penseli akasamehe. Akasamehe kwa moyo mweupe, kama anavyosamehe mtu aliyechoka kuumia. Wakarudi karakanani, yeye na penseli yake, mwenzake na fremu. Siku hizo watu walikuwa wakiulizia ile fulana ya Chumvi kila mahali, kwa sababu ya ile picha, na Bwana Rangi alikuwa akiwajibu wote mbele yake kwamba hazipo, zilichomwa. Penseli alikuwa akimsikia na moyo unatulia.

Mwaka ukageuka. Chumvi aliuvuka akiwa ameketi, tena alidai apigiwe makofi. Kisha, kabla mwezi wa kwanza haujaisha, akafa mchana kweupe, mama amemshika mkono na Penseli amemshika miguu. Hakuacha msemo wowote. Aliomba maji, na maji yalipoletwa alikuwa amekwisha kwenda.

Siku ya mazishi watu walifurika hadi barabarani. Penseli alitembea nyuma ya jeneza amemkumbatia mama yake, haoni mbele. Alipoinua macho langoni mwa makaburi, akauona uso wa kaka yake. Akauona tena. Ulikuwa kwenye kifua cha kijana, kwenye kifua cha mama mmoja mnene, kwenye vifua vya watu wengi waliojipanga kando ya njia, mdomo umeinuka upande mmoja, kwenye fulana nyeusi.

Akamwachia mama kwa shangazi. Akamsogelea yule mama mnene na kumwomba ruhusa ya kutazama. Tarakimu ya mwisho ya mwaka haikuwa ya kuchapwa. Ilifunikwa kwa rangi nyeusi na mpya ikaandikwa juu yake kwa brashi, kwa mkono, kwa uangalifu mkubwa. Mkono ule aliujua. Ulikuwa umeandika jina lake kwenye kadi za harusi.

Bwana Rangi alikuwa upande wa pili wa lango, kwenye kivuli cha ukuta, boksi miguuni. Alipomwona anakuja hakukimbia.

"Nilichoma boksi tu," akasema kabla hajaulizwa. "Nilizishika juu ya moto, Penseli, nikauona uso wake, nikazirudisha. Ningemchomaje? Wewe ndiye uliyemchora."

"Kwa hiyo ulizihifadhi kwa upendo."

"Ndiyo."

"Na brashi?"

Akatazama viatu vyake. Nyuma yao watu walikuwa wanaimba, na jeneza lilikuwa linapita.

"Alipokufa ndipo nilipozirekebisha. Siku hiyo tu. Sikumngojea, naapa kwa mama yangu, sikumngojea. Lakini ziko tayari, watu wanamtaka, kufa kufaana. Hata yeye mwenyewe angecheka. Unajua angecheka."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuumiza Penseli kuliko uongo wote. Chumvi angecheka. Lakini Chumvi alikuwa amelala kwenye sanduku lile, na wa kuolewa alibaki yeye.

Akavua pete, akaishika kiganjani. Akamtazama mwanamume aliyempenda, kuanzia nywele mpaka rangi nyeusi iliyokauka chini ya kucha zake. Alikuwa na maneno mengi. Akachagua machache.

"Nipe moja."

Bwana Rangi akainama haraka, akachagua nzuri, akaikung'uta, akampa kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umeanza kupata matumaini.

"Bei gani?" Penseli akauliza.

"Mpenzi, wewe tena..."

"Mimi ni mteja. Bei gani?"

Akamtazama. Bwana Rangi akafumbua mdomo. Labda alitaka kusema kitu kingine, hilo Mungu ndiye anajua. Lakini mtu mwingine alikuwa amefika nyuma ya Penseli akiwa na noti mkononi, naye anasubiri kusikia, na mdomo wa muuzaji una mazoea yake. Bwana Rangi akataja bei.

Penseli akaweka pete juu ya fulana zilizobaki kwenye boksi. Akaikunja yake vizuri, uso ndani, akaibana kwapani, akarudi kwa mama yake kaburini. Mama alikuwa amesimama anapepesuka, anatafuta bega la kuegemea.

"Mkwe wangu yuko wapi?" akauliza. "Mbona simwoni siku kama hii?"

Penseli akampa bega lake.

"Yuko kazini, mama."